Umepungua uzito kwa upasuaji: je, mashine ya CPAP bado unaihitaji?

CPAP ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini, na hutumiwa na wenye apnia, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika wakati wa kulala. Mtu aliyelala na barakoa hiyo usoni kwa miaka huingoja kwa hamu siku ya kuambiwa aiweke mashine kabatini. Akishafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, siku hiyo huonekana imefika yenyewe: kilo 30 zimekwenda, nguo zinampwaya, na anayelala naye anasema kukoroma kumekwisha. Wengi huizima hapo hapo bila kumuuliza mtu. Tunakuomba usubiri. Wapo wanaoiacha mashine kwa usalama kabisa, lakini ruhusa hutoka kwenye kipimo cha usingizi kilichorudiwa bila mashine, tena baada ya uzito kutulia. Mpaka siku hiyo, kazi yako ni kuendelea kuitumia huku ikirekebishwa kadiri mwili unavyobadilika. Hilo la kurekebisha ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalowafanya watu waichukie mashine mapema.

Kwa nini uzito ukipungua koo halifunguki lote

Apnia ya kuziba hutokea kwenye kipande cha koo kisicho na mfupa wa kukishikilia, kuanzia nyuma ya pua hadi juu ya kikoromeo. Usingizini misuli hulegea, njia hubanana, hewa hukatika au hupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, na ubongo hushtuka ili upumue. Vipindi hivyo vikihesabiwa kwa saa moja ya usingizi ndiyo namba inayoitwa AHI. Chini ya 5 ni kawaida; 5 hadi 14 ni ugonjwa hafifu; 15 hadi 29 ni wa wastani; 30 na kuendelea ni mkali.

Mafuta huchangia kwa njia tatu. Yale ya shingoni hulibana koo kutoka nje. Yale ya tumboni husukuma kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) juu ukilala, mapafu hupungua ujazo, na ule mvuto wa kawaida unaolinyoosha koo kutoka chini hulegea. Tatu, ulimi wenyewe huhifadhi mafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika kazi waliyoitoa mwaka 2020, walipiga picha za MRI kwa watu waliopungua uzito na kukuta kwamba kupungua kwa mafuta ya ulimi ndiko kulikoeleza sehemu kubwa ya nafuu yao.

Lakini taya la chini lililorudi nyuma halisogei mbele kwa sababu umepungua. Tonsili kubwa, kaakaa jembamba, pua iliyopinda ndani, umri, kukoma hedhi, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, na ubongo unaoyumba katika kuongoza pumzi vyote vinabaki vilevile. Mtu ambaye apnia yake ilitokana zaidi na hayo kuliko mafuta atabaki nayo hata akifikia uzito wa ndoto yake.

Namba zinaonyesha hivyo. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 12 zenye wagonjwa 342 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Wastani wa AHI ulishuka kutoka karibu 55 hadi karibu 16. Ni mafanikio makubwa, lakini hebu itazame ile 16: bado ni ugonjwa wa wastani unaostahili tiba. Na kuna jambo jingine linalopaswa kukaa kichwani. Utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba kupungua asilimia 10 ya uzito huendana na AHI kushuka kwa asilimia 26 hivi, ilhali kuongezeka asilimia 10 huendana na AHI kupanda kwa asilimia 32 hivi. Uzito unaporudi, apnia nayo hurudi bila kuchelewa.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji

Omba nakala ya ripoti ya kipimo chako cha kwanza na uitunze. Andika kando mambo haya: AHI ya jumla, AHI ya kulala chali, AHI ya usingizi wa ndoto, oksijeni ya chini kabisa iliyofikiwa, na msukumo wa hewa uliowekwa kwenye mashine, ambao hupimwa kwa sentimita za maji. Mwaka mmoja baadaye bila namba hizi hakuna cha kulinganisha.

Nenda hospitali na mashine yako, barakoa yako na waya wake wa umeme. Usiku wa kwanza baada ya upasuaji una hatari ya pekee: dawa ya nusukaputi haijaisha yote mwilini, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hulegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Mwambie daktari wa nusukaputi kwamba una apnia hata kama faili linasema hivyo. Wagonjwa huogopa kwamba hewa ya mashine itafumua mshono wa tumbo. Tafiti zilizofanywa kwa waliotumia CPAP baada ya baipasi ya tumbo, mojawapo ya aina za upasuaji huu, hazikukuta ongezeko la kuvuja kwenye mishono.

Miezi 6 ya kwanza: mashine ileile, uso mwingine

Kipindi hiki uzito hushuka kwa kasi kuliko wakati wowote. Msukumo uliokufaa ukiwa na kilo 130 unaweza kuwa mkubwa mno ukifika kilo 105. Dalili zake ni hizi: unaamka na tumbo limejaa hewa na unacheua sana, barakoa inapiga kelele za kuvuja usiku wa manane, unaivua bila kujijua, au unahisi hewa inakusukuma mpaka kutoa pumzi ni kazi. Kwa baadhi ya watu msukumo uliozidi huleta hata apnia ya aina nyingine, ile ambayo koo liko wazi lakini ubongo hautoi amri ya kupumua.

Jua kwanza mashine yako ni ya aina gani. Yenye msukumo mmoja usiobadilika, tuseme 12, itabaki 12 mpaka mtu aibadilishe. Inayojirekebisha yenyewe hufanya kazi kati ya kiwango cha chini na cha juu, na kosa tunalolikuta mara nyingi liko hapa: watu hudhani itashuka yenyewe bila kikomo. Haishuki chini ya sakafu iliyowekewa. Ikiwa imewekwa 10 hadi 16, na koo lako sasa linahitaji 7, utapata 10 usiku kucha. Angalia ripoti ya mashine, kwenye programu ya simu au kadi ya kumbukumbu, utafute msukumo wa asilimia 90 au 95, yaani ule ambao mashine haikuuvuka kwa sehemu hiyo ya usiku. Ukiuona umeganda kwenye sakafu siku baada ya siku, AHI iliyobaki ukiwa umevaa mashine iko chini ya 5, na huna dalili, mpelekee daktari au fundi wa usingizi ripoti ya wiki 2 na uombe sakafu ishushwe. Usiingie mwenyewe kwenye menyu ya mabadiliko. Kiwango hicho ni agizo la tiba kama dozi ya dawa.

Ratiba inayofaa kwa wengi ni kupeleka ripoti karibu na mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, na wakati wowote uzito unaposhuka asilimia 10 tangu marekebisho ya mwisho.

Sasa barakoa. Mashavu na kidevu vikipungua, mto wa silikoni uliokuwa ukikaa sawasawa huacha mianya pembeni mwa pua. Watu wengi hukimbilia kukaza mikanda, na hilo huharibu zaidi, kwa sababu mto huo una kuta mbili na ule wa ndani unahitaji nafasi ujae hewa ndipo uzibe. Fanya hivi:

1. Legeza mikanda yote, ulale kitandani kama unavyolala, uwashe mashine.
2. Vuta barakoa mbele kidogo mto ujae, kisha iachie irudi usoni.
3. Kaza kidogo kidogo, upande wa kulia na wa kushoto kwa kipimo kimoja, mpaka kuvuja kukome. Kidole kimoja kiweze kupita chini ya mkanda.
4. Geuka ubavu mmoja, kisha wa pili. Kukijitokeza kuvuja hata baada ya kurekebisha, saizi imekuwa kubwa.
5. Pima upya kwa karatasi ya saizi ya mtengenezaji. Badilisha mto, na mikanda pia kama imelegea.

Msukumo ukishashuka, aliyekuwa na barakoa ya kufunika pua na mdomo huweza kuhamia ndogo ya pua peke yake, mradi pua haijaziba. Ukiamka mdomo umekauka kabisa, hewa inatorokea mdomoni. Sema na fundi kabla ya kuhama. Kiwango cha kuvuja kinachokubalika hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya mtu mwenye mashine ya kampuni nyingine.

Tahadhari moja ambayo haitakiwi kupuuzwa: tumbo kujaa gesi ya mashine huuma, lakini maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo ya kasi au kutapika kusikokoma katika wiki za mwanzo ni mambo ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Usiyasingizie mashine.

Vilevile usivue barakoa alfajiri ukiona umeshapata saa 4 za kutosha. Saa 4 ni kigezo kinachotumiwa na bima kuona kama mtu anaitumia mashine. Usingizi wa ndoto hukusanyika sehemu ya mwisho ya usiku, na kwa watu wengi hapo ndipo koo hulegea zaidi. Ukiivua saa 9 usiku, umeziacha saa mbaya kuliko zote bila kinga.

Usiziamini dalili peke yake

Kukoroma kunaweza kukoma na vipindi vya pumzi kukatika vikabaki. Nguvu za mchana nazo hudanganya pande zote mbili. Mwili mwepesi, sukari iliyoshuka na kutembea zaidi humfanya mtu ajisikie mzima ilhali AHI yake ni 20. Na kinyume chake, aliyepona apnia anaweza kuchoka kwa sababu ya upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, ambao ni wa kawaida baada ya upasuaji huu, hasa baipasi. Kwa hiyo uchovu ukirudi, pima damu na usingizi vyote viwili.

Kipimo cha Epworth husaidia kufuatilia: hali 8, kama kusoma, kutazama televisheni, kuwa abiria garini; kila moja unaipa alama 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia. Jumla inayozidi 10 ni usingizi wa mchana uliopita kiasi. Kijaze kila mwezi. Alama ya chini inatia moyo, ila haitoshi kuizima mashine.

Kipimo cha kurudia

Wakati mzuri ni uzito unapokuwa umesimama kwa miezi 3 hivi, na kwa wengi hiyo huangukia karibu mwaka 1 baada ya upasuaji. Ukipima mwezi wa 4, matokeo yanaweza kukuambia bado unaihitaji, halafu ukalazimika kurudia. Wataalamu wa usingizi hupendekeza kutathmini upya kila uzito unapopungua kwa kiasi kikubwa, asilimia 10 ya uzito wa mwili ikitajwa kama mfano, lakini tathmini hiyo mapema huwa ya kurekebisha msukumo kuliko ya kuiacha mashine.

Kipimo lazima kifanyike bila mashine. AHI ya chini unayoiona kwenye programu ya simu yako inaonyesha kwamba mashine inafanya kazi. Haisemi lolote juu ya koo lisilosaidiwa. Tunalirudia hili kwa sababu watu wenye akili timamu kabisa huacha tiba kwa kuangalia namba hiyo. Zaidi ya hayo, matumizi ya kila usiku hupunguza uvimbe wa koo na nafuu hiyo hubaki kwa muda, kwa hiyo usiku wa kwanza bila mashine unaweza kuonekana mzuri kuliko hali halisi. Muulize daktari ni siku ngapi uizime kabla ya kipimo. Katika siku hizo, ukihisi usingizi mchana, usiendeshe gari wala mashine nyingine yoyote ya hatari.

Usiku wa kipimo usinywe pombe. Tumia dawa zako za kawaida, na uhakikishe umelala chali angalau sehemu ya usiku, hata kama hupendi.

Kifaa cha kupimia nyumbani huwa na mrija mdogo wa puani, mkanda wa kifua na kipima oksijeni cha kidoleni. Kinawafaa wengi, ila kina udhaifu wa kuujua. Hakisomi mawimbi ya ubongo, hivyo hugawa vipindi kwa muda wote wa kurekodi badala ya muda wa usingizi. Chukua mfano: vipindi 84 katika saa 7 za kurekodi ni AHI 12. Lakini kama saa 2 kati ya hizo ulikuwa macho ukitazama dari, ulilala saa 5 tu, na AHI ya kweli inakaribia 17. Umevuka mstari kutoka hafifu hadi wastani bila ripoti kusema. Kwa sababu hiyo kipimo cha nyumbani kikiwa safi na dalili bado zipo, nenda maabara ya usingizi. Nenda maabara moja kwa moja kama una ugonjwa mzito wa moyo au mapafu, umewahi kupata kiharusi, au unatumia dawa za jamii ya mofini kila siku. Saa na pete za kuvaa ni za kukudokeza tu.

Ukipokea ripoti, uliza pia pumzi iliyopungua ilihesabiwa kwa kushuka kwa oksijeni asilimia 3 au 4. Kanuni ya 3 hunasa vipindi vingi zaidi. Kipimo cha kwanza kikitumia 3 na cha pili 4, sehemu ya nafuu unayoiona ni ya karatasi.

Kuyasoma matokeo pamoja na daktari

AHI chini ya 5, oksijeni nzuri, huna dalili: mashine inaweza kuachwa. Kabla ya kushangilia angalia mgawanyo. AHI ya jumla ya 4 inaweza kuficha 22 ya kulala chali kwa mtu aliyelala ubavu karibu usiku mzima.

Kati ya 5 na 14 ndipo penye mjadala wa kweli. Asiye na dalili, wala shinikizo la juu la damu, wala ugonjwa wa moyo, anaweza kukubaliana na daktari aiache na afuatiliwe. Ikiwa vipindi vyote ni vya kulala chali, kifaa cha kumzuia asilale hivyo huweza kutosha. Kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kilichotengenezwa na daktari wa meno, ni njia nyingine. Mwenye dalili au shinikizo la damu lisilotulia, maoni yetu ni aendelee na mashine, kwa msukumo mpya ulio mdogo na barakoa nyepesi. Mara nyingi ni tofauti kabisa na mzigo aliouzoea.

Kuanzia 15, endelea hata kama unajisikia vizuri.

Kundi moja lisiguse mashine bila kipimo cha ziada: wale walioambiwa kwamba unene uliwafanya wapumue kidogo mno hata mchana, kiasi cha hewa ya kaboni kuzidi milimita 45 za zebaki kwenye damu. Hawa mara nyingi huwa na mashine ya misukumo miwili, mmoja wa kuvuta pumzi na mwingine mdogo wa kuitoa. AHI inaweza kuwa nzuri na kaboni ikabaki juu, hivyo wanahitaji kipimo cha gesi za damu kabla ya uamuzi wowote.

Ukishaiacha

Pima shinikizo la damu nyumbani kwa wiki kadhaa za mwanzo, kwani kupanda kwake huweza kuwa ishara ya kwanza. Mwombe anayelala nawe asikilize pumzi inayokatika na kufuatwa na mkoromo wa ghafla. Rudia kipimo uzito ukipanda asilimia 10 kutoka ule wa chini kabisa ulioufikia, jambo linaloweza kutokea kuanzia mwaka wa pili. Au ukikoma hedhi, ukipata mimba, au kichwa kikianza kuuma asubuhi. Na ukienda kufanyiwa upasuaji mwingine wowote, mwambie daktari wa nusukaputi kwamba uliwahi kuwa na apnia, hata kama ni miaka 10 iliyopita.

Mashine usiiuze wala kuigawa mwaka wa kwanza. Mwaga maji ya tangi, likaushe kabisa, toa kichujio kilichotumika, osha bomba na barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha vihifadhi mahali pakavu pamoja na ripoti zote mbili na karatasi ya msukumo wa mwisho. Iwashe kila baada ya miezi michache uone kama inasukuma hewa. Ukilazimika kuirudia baada ya muda mrefu, nunua mto mpya wa silikoni na kichujio kipya, na utafute namba ya mashine kwenye orodha za mtengenezaji: mwezi Juni 2021 Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine zake za kupumulia kwa sababu ya sponji ya ndani ya kuzuia kelele iliyoweza kumeng'enyuka na kuingia kwenye hewa ya mgonjwa, na baadhi huenda bado zimo kabatini.